Msichana Aliyekuwa Ndani ya Toktok

Mwaka ambao filamu ya Toktok ilitoka, nilikuwa mpangaji nyumbani kwa akina Lacsamana, mtaa wa Sampaloc, Manila. Nilikuwa nasomea uuguzi. Chumba changu na cha Perpetua vilitenganishwa na ubao mwembamba tu, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia kabla sijaambiwa.

Perpetua, au Petang kama tulivyomwita nyumbani, alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwepesi wa miguu, na shuleni kwao ndiye aliyeongoza kikundi cha ngoma. Mama yake, Mama Belen, alikuwa fundi cherehani. Baba yake, Nicanor, alikuwa mchomelea vyuma huko Dammam, Saudia, na alikuwa ameondoka Petang akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Hawakuwa watu wa barua. Walitumiana kaseti. Kaseti ya baba ikifika, sote tulikaa kimya mezani huku redio ikisema, "Haloo, haloo, mnanisikia?" na Mama Belen akijibu, "Tunakusikia," kana kwamba yule bwana yuko jikoni.

Petang aliingia kwenye sinema kwa bahati tu. Mama yake alipewa kazi ya kushona magauni ya wasichana kwa ajili ya filamu ya vijana ya kuchekesha, habari ya kiumbe kutoka sayari nyingine anayeangukia kwenye maabara ya sekondari. Siku ya kupeleka magauni Petang alimsaidia kubeba. Wakakuta kelele. Vazi la yule kiumbe lilikuwa limefika, la mpira na sponji, kijani kama embe bichi, na aliyelitengeneza alikuwa amekosea vipimo. Mtu mzima hakuingia. Watoto waliingia, lakini uzito ukawashinda, wakawa wanaanguka kifudifudi kama magunia.

Mwongozaji aliitwa Rufo Encarnado, ila wote walimwita Direk. Alimtazama Petang juu mpaka chini.

"We binti, hebu ingia humu."

"Humu wapi?"

"Humu ndani. Usiogope, hajala mtu bado."

Petang akaingia. Wakamfunga zipu mgongoni, wakamvika kichwa. Akatembea. Halafu, kwa kuwa alizoea kuchezacheza, akageuka, akapiga hatua mbili za mzaha na kuinamisha kichwa upande. Watu wote wa kamera wakacheka. Direk akamwambia Mama Belen, "Mama, magauni tumepokea. Huyu naye tunabaki naye."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Toktok. Katika hadithi ile Toktok anakula chaki, anaogopa kengele ya shule, anawafanyia wanafunzi mtihani wa hesabu na wote wanapata alama sawasawa hadi koma, wanagundulika. Mwishoni anakwenda kwenye dansi ya shule amevaa tai. Nyota wa filamu alikuwa Lovelyn Arguelles, msichana wa miaka kumi na nane ambaye uso wake ulikuwa kwenye matangazo ya sabuni mji mzima.

Maisha ndani ya lile vazi yalikuwa na upweke wake. Petang alipumua kupitia mdomo wa Toktok na kuona kupitia matundu ya pua. Jasho lilimjaa viatuni. Akishavikwa kichwa, watu walimsahau. Walipita mbele yake wakisengenyana, waliegemeza ngazi begani kwake, na mara nyingine walikwenda kula wakamwacha amesimama pale kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfungua zipu. Mwenyewe hakuweza kuifikia.

Ni Lovelyn peke yake aliyekaa naye. Kati ya picha na picha alikuja kuketi karibu na Toktok na kumwegemea.

"Toktok, mwenzio nimechoka," alisema. "Mama ananipangia hadi wa kucheka naye. We ndo rafiki yangu pekee hapa, unajua?"

Petang alitikisa kile kichwa kikubwa taratibu: najua. Lovelyn alimweleza mambo ambayo hakumweleza mtu, kuhusu kijana aliyempenda huko kwao Bacolod, kuhusu hofu yake ya kusahaulika. Kisha siku ikiisha, kichwa kikivuliwa na Petang akitokeza nywele zimegandamana usoni, Lovelyn alirudi nyuma.

"Loo, umelowa chapachapa! Nenda kaoge, bwana."

Kesho yake alikuja tena kumwegemea Toktok. Petang aliniambia, "Dada, ananipenda nikiwa na kichwa." Alisema huku anacheka, lakini hakuniangalia.

Kuna siku walikuwa wanapiga picha ya mwisho, alasiri, kwenye ngazi za shule. Maandishi ya filamu yalisema Toktok anapunga mkono na chombo chake kinashuka kumchukua. Chombo kilining'inizwa kwa waya, na waya ukanasa. Mafundi wakaanza kugombana. Petang, ambaye asubuhi ile hakuwa amekula, akajiketisha kwenye ngazi apumzike.

Asubuhi ile ndipo kaseti ya baba ilipofika. Tuliisikiliza kabla hajaenda kazini. Nicanor alianza vizuri, akauliza habari za shule, akaeleza joto la huko, kisha maneno yakawa yanapungua, yanapungua, na mwisho yakakoma. Alikuwa amelala na mashine inaendelea kurekodi. Upande mzima uliobaki ulikuwa pumzi zake na feni. Mama Belen alitaka kuzima. Petang akasema, "Acha, Mama." Akasikiliza baba yake akilala mpaka kaseti ilipokatika yenyewe.

Pale kwenye ngazi akawa anaufikiria usingizi ule. Akawa anachezea vidole vya mpira, anavivuta kimoja kimoja. Akainua kichwa kutazama kama waya umetoka, akakiinamisha tena. Mpiga kamera hakuwa amezima. Direk alipoiona ile picha baadaye akaiacha ndefu, kama ilivyo, bila muziki.

Kazi ilipoisha, Direk akamwita Petang pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Wenye filamu wameshawaambia waandishi kwamba Toktok ni mashine. Wanasema imeundwa Japani. Mabango yameshachapwa."

"Lakini mimi si mashine, Direk."

"Najua. Mashine isingemaliza tambi zote zile unazokula mchana." Akajikuna kichwa. "Nisaidie tu. Watu wakijua ni mtu ndani, watacheka vibaya. Jina lako tutaliweka mwishoni mwa filamu, kwenye orodha ya watu wa mavazi, pamoja na la mama yako. Unaniahidi?"

Petang akaahidi. Alidhani ni jambo dogo.

Nyumbani tulijua sisi wawili tu, Mama Belen na mimi. Kwenye kaseti ya kwenda Dammam Petang alimruhusu Mama Belen aseme hivi na si zaidi: "Mwanao yumo ndani ya picha ya sinema. Tafuta, utamwona."

Filamu ilitoka Krismasi. Kabla yake kulikuwa na maandamano ya magari ya mapambo, nyota wakirusha peremende kwa watu. Tulisimama kando ya barabara, Petang na mimi, tukisukumwa huku na huku. Gari la Toktok likaja. Lovelyn alikuwa juu, anameta, na pembeni yake lile vazi limejazwa magazeti, mkono mmoja ukivutwa kwa kamba. Mama mmoja mbele yetu alimwinua mwanawe begani. Mtoto akapiga kelele, "Ananipungia! Toktok ananipungia!" Petang akaangalia ule mkono ukipanda na kushuka, akaniambia, "Hanyanyui hivyo." Basi tukarudi nyumbani.

Wahakiki waliipiga filamu ile bila huruma. Nililetewa magazeti na wenzangu wa chuoni. Mmoja aliandika kwamba vijana wa filamu hii wanaigiza kama watu wanaosubiri majibu ya mkojo. Mwingine akasema kama kweli kuna viumbe huko angani na wakaitazama, watageuza chombo na kutuacha salama. Wa tatu alilalamika kwamba aliingia ukumbini akiwa na matatizo ya tumbo na akatoka akiwa nayo ya moyo. Kumbi zilijaa hata hivyo. Vijana walikwenda mara mbili mbili na kuigiza mwendo wa Toktok barabarani.

Kisha likatoka gazeti la Jumapili. Humo aliandika Teodulo Wenceslao, mzee aliyeogopwa na kila mwongozaji wa Manila. Naye alianza kwa kutupa mawe. Kufika katikati akabadilika. Aliandika kwamba kuna dakika chache kwenye ngazi za shule ambazo hazina haki ya kuwa ndani ya filamu mbaya namna hii. "Ile mashine inakaa," aliandika, "na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimemwona mtu kwenye skrini yetu. Ni aibu kwa waigizaji wetu kwamba anayejua upweke ni chombo cha betri. Ningependa kumshika mkono fundi aliyekibuni."

Petang aliisoma makala hiyo mezani, mkate mkononi. Akairudia. Kisha akaenda bafuni akafungulia maji, yakatiririka muda mrefu hata Mama Belen akagonga mlango.

"Petang, umekufa humo?"

"Naoga, Mama."

"Unaoga na nguo zimebaki huku?"

Hakukuwa na nguo zilizobaki. Mama Belen alisema tu ili asikie sauti yake.

Wiki iliyofuata wakagawa tuzo. Tulitazama kwenye televisheni ya jirani. Filamu ya Toktok ilipata moja, ya ufundi maalumu, na aliyepanda jukwaani alikuwa mpwa wa mwenye filamu, amevalishwa koti jeupe la daktari. Alishukuru Mungu na umeme. Ukumbi ukacheka. Petang naye akacheka, kisha akasema anasikia usingizi, na jua lilikuwa bado halijazama.

Kilichomsumbua, aliniambia kupitia ule ubao, hakikuwa tuzo. "Dada, yule mzee aliniona. Aliniona mimi kabisa. Halafu anataka kumshika mkono mtu mwingine."

"Basi twende ukamwambie," nikasema.

Tulikwenda Januari. Ofisi ya gazeti ilinuka wino na sigara. Wenceslao alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, anakula yai la kuchemsha juu ya karatasi zake. Petang akaomba mkono wake, akaugusisha kwenye kipaji cha uso kama tunavyowaamkia wazee.

"Sema, mjukuu wangu."

"Mzee, mimi ndiye Toktok."

Akatafuna polepole. "Juzi alikuja bwana mmoja akasema ndiye aliyeandika mazungumzo ya filamu hiyo. Nikamwamini, na nikampa pole. Lakini wewe... Mtoto mzuri kama wewe, kwa nini ujisingizie?"

"Sijisingizii."

"Ni mashine, binti. Nimeonyeshwa michoro."

Petang hakubishana. Alitazama huku na huku, akaona ngazi fupi ya mbao ya kupandia makabati. Akaketi. Mwanzoni alikuwa binti aliyeketi tu, ana haya, watu wawili wanamtazama. Kisha mabega yakashuka. Akaanza kuvuta vidole, kimoja, kingine. Akainua kichwa kuangalia mahali fulani juu ya kabati, akakiinamisha.

Mzee aliweka yai chini.

"Ulikuwa unafikiria nini, siku ile?"

"Nilikuwa napumzika, mzee. Waya ulinasa."

"Na nini kingine?"

"Baba yangu yuko Saudia. Alinirekodia kaseti akalala katikati."

Wenceslao akavua miwani, akaipangusa kwa tai. Kisha akainuka, akazunguka meza na kumshika mkono, kwa mikono yake yote miwili. "Nilisema nitamshika mkono fundi," alisema. "Sasa nikuulize. Nikiandika, hawatafurahi. Watu hawapendi kuambiwa wamedanganywa. Niandike?"

Petang akasema, "Andika, mzee."

Aliandika. Yalikuwa maneno machache, chini ya tangazo la viatu, bila jina la Petang, akisema tu kwamba ndani ya Toktok mlikuwa na msichana wa shule kutoka Sampaloc, na kwamba anaomba radhi kwa kumwita betri. Petang alidhani dunia itageuka. Kilichogeuka ni mtaa. Wenye filamu walisema mzee amezeeka na kwamba kuna watoto wanaotafuta umaarufu. Mwandishi wa redio akafika hadi shuleni kumtafuta binti huyo. Walimu, waliojua kwamba mama yake ndiye aliyeshona magauni ya filamu ile, wakamwonyesha Petang. Kuanzia siku ile wenzake walimwita Betri.

"Betri, umechajiwa leo?"

"Mpisheni Betri jamani, atawapiga shoti!"

Angeweza kuvumilia hayo. Lakini yule mwandishi alikwenda pia kwa Lovelyn, na tulimsikia redioni tukiwa jikoni, sauti ile ile ya matangazo ya sabuni. "Mimi nilicheza na mashine," alisema. "Sijui msichana yeyote. Ila namwombea." Petang alikuwa anapanga sahani. Aliendelea kupanga mpaka zikaisha, akaanza kuzipanga upya.

Direk alikuja mwenyewe, mwezi wa pili, na maandazi kwenye mfuko. Hakumgombeza. Alikaa kwenye kiti cha wateja wa Mama Belen, katikati ya vitambaa, akaonekana mdogo.

"Mwanangu, umenitia matatani, lakini nimekuja kwa heri. Filamu ya pili inaanza. Vazi jipya, jepesi, lina feni ndani. Njoo."

"Jina langu litakuwepo?"

Akatazama maandazi yake. "Safari hii bado. Labda ya tatu."

"Basi tafuta mashine, Direk," Petang akasema.

Mama Belen aliinamia cherehani ili asionekane anacheka. Direk naye alicheka kidogo, kisha akaaga. Mlangoni aligeuka. "Ile picha ya ngazi," alisema, "nikiwa peke yangu ofisini huwa naiangalia." Akaondoka. Ingekuwa afadhali angeyasema hayo redioni.

Kaseti ya baba ilifika karibu na Pasaka. Siku hiyo Mama Belen alikaanga samaki, tukakaa mezani sote watatu. Petang mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

"Haloo, haloo, mnanisikia? Belen, ile picha tumeipata! Kuna jamaa wa Pampanga ana mashine ya video hapa kambini. Tumeiangalia wote, watu wamejaa mpaka mlangoni. Nikawaambia, jamani tulieni, mwanangu yumo humu, nisaidieni kumtafuta."

Petang alikuwa ameegemea mbele, mikono chini ya mapaja.

"Basi tukatafuta. Huyu? Siye. Yule? Siye. Mpaka tukafika pale kantini, yule binti mwenye nywele za mkia aliyebeba sinia nyuma ya Lovelyn. Nikapiga kelele, ndiye huyo! Nimekutambua, Petang, kwa shingo. Umerefuka, mwanangu! Shingo ni ya mama yangu kabisa. Nikasema rudisha nyuma, rudisha, tukakuangalia tena na tena hadi jamaa akasema nitamkatia mkanda. Wote hapa sasa wananiita Baba wa Sinia."

Akacheka, na nyuma yake wakasikika wanaume wengine wakicheka.

Yule wa kantini alikuwa msichana wa Caloocan aliyeajiriwa kwa siku moja. Alikuwa mrefu kuliko Petang kwa kichwa kizima.

"Na lile dubwana la kijani limetuvunja mbavu," baba akaendelea. "Ila pale mwisho, pale kwenye ngazi, jamaa wakanyamaza. Sijui kwa nini. Mimi nilitoka nje kuvuta sigara. Haya, wapenzi wangu, nawabusu. Petang, soma."

Kaseti ikaendelea kuzunguka bila sauti. Mama Belen aliizima. "Mwambie," alisema. "Chukua kaseti mpya sasa hivi umwambie. Mwambie aangalie tena."

Petang alichukua kaseti mpya chumbani kwake. Nami nilikuwa upande wa pili wa ubao, kitabu cha mifupa magotini, sisomi. Nilisikia kitufe kikibonyezwa. "Papa," akasema. Kikazimwa. Kikabonyezwa tena. "Papa, unajua, pale kwenye ngazi..." Kikazimwa. Huko nje muuza taho, ile soya laini yenye sharubati, alipita akinadi, akapotelea kona ya pili.

Kisha kikabonyezwa mara ya tatu, na sauti yake ikawa nyepesi, ya furaha, kama ya mtu anayeongea mbele ya wageni.

"Haloo, Papa! Umenitambua kumbe! Ndiyo, ni mimi yule. Lile sinia lilikuwa zito, mbona, supu yenyewe ilikuwa ya kweli na ya moto, na nilikuwa naogopa nitamwagia Lovelyn gauni alilolishona Mama. Direk alisema nimebeba vizuri. Wasalimie hao wanaokuita Baba wa Sinia, waambie nawashukuru."

Aliongea hivyo muda mrefu, akimtungia yule msichana wa Caloocan mambo ya kila namna: viatu vilivyombana, maneno mawili aliyopewa aseme yakakatwa, rafiki aliyempata pale kantini. Sikujua kwamba Petang anaweza kusema uongo vizuri vile. Alipomaliza alitoka, akampa mama yake kaseti aipeleke posta. Mama Belen aliipokea, akamtazama, akaitia kwenye bahasha.

Filamu ya pili ilitoka Krismasi iliyofuata, na kweli walitafuta mashine, kikaragosi cha nyaya na mota. Wenceslao aliandika mstari mmoja tu kwamba safari hii ndani hamna mtu. Watu hawakwenda. Petang hakuitazama, wala hakuniuliza ikoje.

Nicanor alirudi kabisa baada ya vita vya Ghuba kuanza, Petang akiwa chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeshahama, lakini nilialikwa chakula. Alikuwa bwana mnene, mchangamfu, mwenye alama za cheche mikononi. Wageni walipojaa alimvuta binti yake karibu, akamweka mkono begani na kuwatangazia wote kwamba huyu aliwahi kuwa kwenye sinema, alibeba sinia, na kambi nzima ilimwona. Kisha akamtazama vizuri, kwa kuwa alikuwa amesimama kando yake na Petang alimfika kifuani tu. Nikaona anaanza kuhesabu jambo kichwani.

"Picha huwa zinarefusha watu, Papa," Petang akasema haraka, akaenda jikoni kuongeza wali.